Maisha ya Marekani na Hesabu ya Pesa: Tuambiane Ukweli



Ndugu zetu Waislamu, wazazi na wanafunzi, mlioko huku Marekani na mlioko nyumbani, tumeona mara hii tuzungumzie jambo linalosemwa sana nje ya msikiti baada ya swala lakini haliandikwi, nalo ni pesa. Hatuna habari ya pesa za matajiri. Tunasema hizi zetu, za mshahara wa kila wiki mbili, zinazoingia Ijumaa na Jumanne hazionekani.

Tunaandika kwa pande mbili. Aliyeko Buyenzi, Nyamirambo, Kasongo au Kampala anaamini kwamba ndugu yake aliyeko Ohio, Kentucky au Maine anaokota dola. Aliyeko Ohio anajua kuwa haokoti, lakini haya inamzuia kusema. Maoni yetu tunayatoa mapema ili msomaji asituvizie: madeni mengi yanayowavunja watu wetu huku hayatoki kwenye uroho, wala kwenye kutojua kujumlisha na kutoa. Yanatoka kwenye kuficha. Mume anamficha mke, mke anamficha mume, na wote wawili wanawaficha wazee walioko nyumbani.

Tuanze na vitu vidogo, maana ndivyo mgeni anavyokutana navyo siku ya kwanza. Dukani, bei iliyobandikwa siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa kwenye kaunta, kila jimbo lina kiwango chake, na mara nyingi mji nao unaongeza chake juu yake. Majimbo matano tu, Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayatozi kodi ya mauzo ya jimbo. Kwa hiyo mama aliyeshika dola 20 kamili, akajaza kikapu cha dola 20, atajikuta anarudisha sabuni mbele za watu. Bei nazo zinapenda kuishia na senti 99. Novemba 2025 nchi hii iliacha kupiga sarafu ya senti moja kwa ajili ya matumizi ya kawaida, kwa kuwa kuitengeneza kuligharimu zaidi ya senti 3, lakini zile 99 bado zinaning'inia kwenye vibandiko kama kawaida. Hata Dollar Tree, duka lililojengewa jina juu ya dola moja, lilipandisha bei yake ya kawaida kuwa dola 1.25 mwaka 2021.

Mkahawani kuna bakshishi. Kwetu bakshishi ni hisani, unatoa ukipenda. Huku ni sehemu ya mshahara wa mtu. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida, yaani dola 7.25, ambacho nacho hakijaguswa tangu 2009. Yako majimbo mengi yaliyoweka viwango vya juu zaidi, lakini desturi ya bakshishi ni ileile kila mahali. Asiyetaka kuitoa na apike nyumbani. Kula jasho la mhudumu hatukuiti kubana matumizi.

Na kwa kuwa tumegusa kubana matumizi, kuna hili la kurudisha bidhaa. Maduka mengi huku yanakubali urudishe ulichonunua ndani ya siku kadhaa ukiwa na risiti, bila maswali mengi. Ni jambo zuri, na Waislamu tunapaswa kulithamini kwa sababu lina ihsani ndani yake. Lakini tumeona nguo za Idi zikivaliwa na kibandiko cha bei kikiwa kimefichwa mgongoni, halafu Jumatatu zinarudi dukani zikinukia udi. Huko ni kuazima bila ruhusa ya mwenye mali, na watoto wanaona.

Sasa twende kwenye hundi yenyewe. Tuchukue mtu mmoja asiye na familia, anafanya kazi ghalani, analipwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hizo ni dola 600 kwa wiki, dola 31,200 kwa mwaka, yaani dola 2,600 kwa mwezi. Nyumbani wakisikia 2,600 wanaigeuza kuwa faranga au shilingi, na hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika. Kabla hajaigusa, asilimia 6.2 imekwenda kwenye mfuko wa uzeeni wa taifa na asilimia 1.45 kwenye bima ya afya ya wazee. Jumla ni asilimia 7.65, karibu dola 199. Kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa viwango vya mwaka 2025, inamchukulia kama dola 135 kwa mwezi. Tusihesabu kodi ya jimbo, maana mengine hayana. Zimebaki dola 2,266.

Tuseme nyumba ya chumba kimoja ameipata kwa dola 1,200, na katika miji mingi atashukuru akiipata kwa bei hiyo. Zinabaki 1,066. Umeme, simu na intaneti, tuseme 200. Bima ya gari na mafuta, tuseme 270. Chakula, akijipikia mwenyewe, 350. Zimebaki dola 246. Hapo hajalipia bima ya afya kama mwajiri haitoi, hajanunua koti la baridi, gari halijaharibika, na hajatoa sadaka. Wiki hiyohiyo simu inalia: mdogo wake anahitaji dola 300 za ada ya shule.

Atafanya nini? Wengi hawasemi "sina". Wanasema "nipe siku mbili". Katika siku hizo mbili wanaingia kwenye mlango ambao kutoka kwake ni vigumu.

Kuna atakayeuliza, gari la nini? Auze gari, apande basi. Ndugu yetu, hii si Nairobi wala Bujumbura ambako gari la abiria linapita kila dakika tano. Ukiondoa miji michache kama New York na Chicago, Marekani ilijengwa kwa ajili ya mwenye gari. Ghala liko maili 15 kutoka unapolala, zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, na basi la kwanza halijatoka. Gari huku ni chombo cha kazi kama jembe. Kosa tunaloliona ni pale mtu anapolinunua kwa ajili ya picha. Gari la dola 5,000 na gari la dola 35,000 yote yanafika ghalani kwa wakati mmoja. La pili linakuja na malipo ya kila mwezi kwa miaka sita na bima kubwa zaidi, ingawa ni kweli kwamba kwenye picha ya kutuma nyumbani linang'aa.

Hapo ndipo unapokutana na kitu kinachowashangaza wageni wote, yaani alama za mkopo. Ni namba kati ya 300 na 850, na kampuni ya FICO ilianza kuitoa kwa matumizi ya jumla mwaka 1989. Asilimia 35 ya hesabu yake inatazama kama unalipa kwa wakati. Asilimia 30 inatazama umetumia kiasi gani cha mkopo ulioruhusiwa, asilimia 15 umri wa mikopo yako, na iliyobaki inagawanywa kati ya mikopo mipya na aina za mikopo. Mwenye nyumba anaiangalia kabla ya kukupangisha. Makampuni ya bima ya gari katika majimbo mengi yanaiangalia pia, ingawa California na Massachusetts zimekataza. Kwetu mtu asiyedaiwa na yeyote anasifiwa mpaka kaburini. Huku mtu asiyewahi kukopa anaonekana kama hayupo. Mzee wa miaka 60 aliyeishi kwa heshima, hakuwahi kumdhulumu mtu senti, anafika hapa akiwa hana namba, na kijana wa ofisini anamwambia alete amana mara mbili.

Hili linawasukuma watu kuchukua kadi ya mkopo mapema. Tuseme kwanza kwamba kadi hizi hazikuanza kwa sababu watu waliziomba. Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa posta kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Mwaka 1970 sheria ilikataza kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba, ndiyo maana leo unatumiwa barua ya kukushawishi uiombe mwenyewe. Barua hizo zinakuja na jina lako limeandikwa vizuri, unaambiwa umeshakubaliwa. Mtu ambaye wiki iliyopita alikataliwa nyumba anajisikia ameheshimiwa.

Hesabu ya kadi ndiyo hii. Unadaiwa dola 2,000, na riba ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni dola 40. Ukilipa dola 50, zimepunguza deni kwa dola 10 tu. Ukiendelea kulipa 50 kila mwezi bila kununua hata kiberiti kwa kadi hiyo, utamaliza baada ya karibu miezi 82, karibu miaka saba, na utakuwa umelipa zaidi ya dola 4,000 kwa vitu vya dola 2,000. Ukilipa 100 kila mwezi utamaliza katika miezi 26 kwa jumla ya kama dola 2,580. Sheria ya mwaka 2009 inailazimisha taarifa ya kila mwezi kuonyesha utachukua muda gani ukilipa kile cha chini kabisa. Iko kwenye karatasi, kwenye kisanduku kidogo, na watu hawakisomi kwa sababu macho yanakwenda moja kwa moja kwenye namba ndogo iliyoandikwa kwa herufi nzito.

Kuhusu hukumu, wanazuoni wametofautiana juu ya kadi ambayo mtu anailipa yote kabla ya tarehe, hivyo halipi riba kabisa. Wapo wanaoiruhusu kwa haja, wapo wanaoikataa kwa sababu ya sharti la riba lililomo ndani ya mkataba. Hapa si mahali pa kutoa fatwa, muulizeni shekhe mnayemwamini. Lakini juu ya kulipa riba mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya seti ya makochi, sidhani yupo anayehitaji kuuliza.

Zipo njia nyingine za kujenga namba hiyo. Ipo kadi ya dhamana, ambapo unaweka dola 200 au 300 zako mwenyewe kama amana, unanunua mafuta ya gari tu, unalipa yote kila mwezi. Na wale waliokuja kama wakimbizi wanaukumbuka mkopo wa nauli ya ndege wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Mkopo ule hauna riba, unaanza kulipwa miezi sita baada ya kufika, na kuulipa kwa wakati kunaandikwa kwenye historia yako. Wapo waliotupa barua zake wakidhani nauli ilikuwa zawadi, kumbe lile ndilo lilikuwa deni lao zuri kuliko yote watakayowahi kupewa Marekani. Taarifa za mikopo zinatunzwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Kuziomba ni bure, na siku hizi unaweza kuziona kila wiki kwenye intaneti. Kufungia taarifa zako ili mtu asikope kwa jina lako nako ni bure tangu 2018. Fanyeni hata kwa watoto. Jina la mtoto limeshatumiwa kukopea na jamaa wa karibu zaidi ya mara moja, tunasema hili kwa masikitiko.

Baya kuliko kadi ni yale maduka yenye taa nyekundu yanayokopesha mpaka siku ya mshahara. Ada ya kawaida ni dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili. Mtu anasikia 15 kwa 100 akadhani ni asilimia 15. Ukiipigia kwa mwaka ni asilimia 391. Aliyekopa 300 anatakiwa kurudisha 345 baada ya wiki mbili. Akishindwa analipa 45 ya kuahirisha tu. Akiahirisha mara tano amelipa 225 na bado anadaiwa 300 zilezile. New York haiyaruhusu maduka haya, Illinois iliweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka mnamo 2021, lakini majimbo mengine mengi yamewaacha. Na yule kijana wetu wa dola 246, anayetakiwa kutuma ada kesho, hapa ndipo anapoingia. Nyumbani wanapokea, wanashukuru, wanamuombea dua. Hawajui kwamba ada ile imemgharimu karibu mara mbili, na yeye hatawaambia.

Basi turudi kwenye kuficha. Tunawaomba mlioko huku, mwambieni mama ukweli kwa tarakimu. Usimwambie "maisha magumu", maana na yeye maisha yake ni magumu kuliko yako na hilo halimwelezi kitu. Mwambie: mama, naingiza 2,266, nyumba 1,200, mengine ni haya, ninachoweza ni dola 80 kila mwezi, tarehe 5, bila kukosa. Tumeona familia zilizofanya hivyo. Mwanzoni kulikuwa na kimya kirefu kwenye simu, na shangazi mmoja akasema mtoto amebadilika. Baada ya miezi minne mama alishazoea kwamba 80 inakuja, akaipanga. Dola 80 zinazojulikana zinajenga zaidi kuliko 300 za kushtukiza zinazofuatiwa na miezi mitatu ya kutopokea simu.

Na nyinyi mlioko nyumbani, mna sehemu yenu. Harusi ya binamu haiwezi kupangwa kwa kutegemea mchango wa mtu ambaye hajaulizwa ana nini. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na siku hizi anayekula harusi yuko Bujumbura na anayelipa matanga yuko Columbus. Mkiomba, ombeni kwa namna ambayo mtu anaweza kusema hana bila kuitwa ametupa wazee.

Ndani ya nyumba kuna jambo zito zaidi, na hapa tutakaa kidogo. Sheria yetu inasema mume ndiye mwenye kulisha nyumba na mali ya mke ni ya mke. Kodi ya nyumba ya Marekani haiijui sheria hiyo. Familia ya watoto wanne kwa mshahara mmoja wa ghalani haiendi, kwa hiyo mke naye anashika zamu ya usiku hospitalini akisafisha, na pesa yake inaingia kwenye kodi. Miaka mitano baadaye, wakigombana, mke anasema nimekulisha, mume anasema tulikuwa tunasaidiana, na hakuna hata karatasi moja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, ni aya ya kuandika deni. Haikumtoa mume wala mke. Kila anachotoa mke kiandikwe kama ni zawadi au ni mkopo, kwa ridhaa yake, wakati mkiwa bado mnacheka. Wapo wanaume watakaosema kuandika kunaleta Uzungu ndani ya ndoa. Sisi tunaona kinyume chake: mali bila daftari hupotea bila habari, na huku ikipotea hupotea pamoja na ndoa.

Mnapofungua hilo daftari, muiteni mtoto mkubwa akae. Hamtamficha kitu. Katika nyumba nyingi za watu wetu mtoto wa miaka 12 ndiye anayesoma barua za benki na kumtafsiria baba. Anajua deni la nyumba kabla baba hajalijua, na analibeba shuleni kimyakimya. Afadhali alijue mkiwa pamoja, aone na namna linavyolipwa.

Yapo mazuri ya bure ambayo hatuyatumii. Maktaba ya umma inatoa vitabu, intaneti na madarasa ya Kiingereza, na hawakuulizi dini yako. Kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka katikati ya Aprili, watu wa kujitolea wa mpango wa VITA, unaosimamiwa na idara ya kodi, wanajaza fomu za kodi bure kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Bado watu wetu wanakwenda kulipa dola 300 kwa jamaa mwenye kompyuta sebuleni, anayewaandikia watoto wasiokuwepo ili marejesho yawe makubwa. Barua ikija, inakuja kwa jina lako, si la jamaa. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa na sheria ya 2010 kuwa na mpango ulioandikwa wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasio na uwezo. Ukipata bili ya kutisha usiilipe kwa kadi ya mkopo siku hiyohiyo. Omba mchanganuo wa kila kitu, halafu omba fomu ya msaada. Ukishailipa kwa kadi, deni limehama kutoka kwa anayeweza kukusamehe kwenda kwa asiyesamehe.

Wanafunzi, kwenu maneno machache. Mliokuja na viza ya masomo mnaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi za nje za kulipwa mkononi hazistahili hatari yake, kwa sababu ukipoteza viza umepoteza ada yote iliyouziwa shamba. Katika miaka mitano ya mwanzo kwa kawaida hamkatwi ile asilimia 7.65, na mkiona imekatwa ulizeni ofisi ya mishahara irudishwe. Mnaoishi huku kama wakazi wa kudumu au wakimbizi, jazeni fomu ya FAFSA kila mwaka. Ruzuku ya Pell, iliyofika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26, hairudishwi na haina riba ndani yake. Ukiichukua na kuanza miaka miwili kwenye chuo cha jamii, halafu ukahamia chuo kikuu, unaweza kumaliza ukiwa na deni dogo sana au huna kabisa. Jina la chuo la kumfurahisha mjomba linaweza kusubiri.

Jambo la mwisho ni likelemba, wengine mnaiita upatu, Wanyarwanda ikimina, ndugu zetu Wasomali ayuuto. Watu kumi, kila mmoja dola 100 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anachukua 1,000. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna anayekuuliza alama zako. Dola 1,000 kwa wakati wake zinalipa gari lililoharibika, amana ya nyumba, au zinafunga deni la lile duka la taa nyekundu. Tunashangaa kina mama ndio wanaoziendesha na wanaume wanazidharau, kisha wanaume haohao ndio wanaokwenda kukopa kwa asilimia 391. Misikiti yetu huku ina kamati za ujenzi, kamati za futari, kamati za vijana. Ingeanzisha na mfuko mdogo wa qardhi hasana, hata wa dola 3,000 tu, wenye mashahidi wawili na daftari, wa kuwakopesha watu 300 hapa na 200 pale bila nyongeza. Mfuko wa namna hiyo ungewaokoa watu wengi zaidi kuliko zulia jipya.

Na kabla hatujaaga, habari kwa wanaotuma pesa nyumbani. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ya Marekani ikiwa umelipa kwa noti taslimu au hati za malipo za kununuliwa dukani au benki. Ukituma kutoka kwenye akaunti ya benki ya huku, au kwa kadi iliyotolewa huku, kodi hiyo haikuhusu. Waambieni wazee ambao bado wanakwenda dukani kila mwisho wa mwezi na bahasha mfukoni.